Tulivyogawa Wajukuu Kama Ng'ombe

Basi la njano hupiga honi kwenye kona ya kwetu wakati ukungu wa msitu wa kreta bado umelala juu ya mbaazi. Mbwa wangu mpaka leo hajalizoea. Hulibwekea kila asubuhi kama mwizi mgeni, nalo humjibu kwa honi ya pili, na hapo ndipo watoto wa majirani hutoka mbio, mkono mmoja kwenye begi, mwingine umeshika kipande cha kiazi. Mimi nakuwa chini ya ng'ombe nakamua. Nasikia tu. Mlango unafungwa kwa kishindo, halafu vumbi jekundu linakuja mpaka kwenye ndoo yangu ya maziwa, nami naifunika kwa kofia.

Sikusoma sana. Nilifika darasa la nne nikatolewa kuchunga, na kusoma kwangu kwingine kulikuwa kwenye mifuko ya mbolea na kwenye milango ya magari ya watalii. Kwa hiyo asije mtu akadhani nataka kuifundisha serikali kuendesha shule. Nataka kueleza tu jinsi tulivyogawa wajukuu wangu wawili, mmoja huku, mmoja kule, na jinsi yule wa huku alivyoumia kwa hesabu zetu za kifugaji.

Shule ya kijiji chetu iko ng'ambo ya korongo, unaiona ukisimama kwenye kichuguu cha nyuma ya zizi langu. Tuliijenga kwa msaragambo. Mawe ya msingi tuliyatoa humo humo korongoni, wanawake wakabeba maji, na kila nyumba ikaleta mtu. Ukuta wa darasa la kwanza umepinda kidogo upande wa mashariki. Niliujenga mimi, na sikuwa fundi, nilikuwa na nguvu tu. Mpaka leo nikipita pale walimu vijana hunitania, "Mzee, ukuta wako bado umelewa?" Nami huwajibu kwamba umeinama kuwasikiliza, maana sauti zao ni ndogo.

Kengele ya shule ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mgrevilea, na kipande cha nondo cha kugongea. Ikigongwa asubuhi nasikia mpaka shambani, na kwa kengele hiyo ndiyo najua saa ya kuacha jembe ninywe chai. Saa ya mkononi ninayo, alinipa mtalii mmoja aliyeletwa na mwanangu, lakini inaonyesha mpaka mapigo ya moyo, na mimi sipendi kuyajua.

Nimemtaja mwanangu. Ni dereva wa watalii. Hushuka nao kreta, huwavusha mpaka Loliondo, hurudi nyumbani mara moja moja, amechoka na macho yamejaa vumbi. Anakaa uwanja mmoja na mimi, nyumba yake ya bati jekundu na yangu ya zamani zimetazamana. Mke wangu alishatangulia, kwa hiyo chai yangu inatoka kwa mkwe wangu, mke wa huyo dereva, mwanamke mwenye ulimi wa haki na mkono mzuri wa makande. Wana mabinti wawili. Wote walikuwa wanasoma shule ya kijiji, na mwanangu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Pikapu yake kuukuu ndiyo ilikuwa ikileta kuni na maji ya jikoni, na watoto wote wakawa wanakula mchana.

Siku moja ya mwezi wa kumi na mbili, wageni wamepungua, akaja kunikuta napukuchua maharage ya ngwara.

"Baba, mwakani nawahamisha watoto. Wote wawili. Wanakwenda midiamu."

Midiamu ndivyo tunavyoziita hizo shule za Kiingereza za basi la njano. Nikamuuliza shule yetu imekosa nini.

"Baba, umeingia darasani hivi karibuni? Watoto wamebanana kama punje kwenye gunzi. Mwalimu hawezi kumjua mtoto hata kwa sura. Halafu wakifika sekondari masomo yote yanageuka Kiingereza kwa siku moja. Mimi joto hilo nililionja. Mimi Kiingereza nimejifunza kwa kutaja wanyama! Mtalii akiniuliza habari ya mke wangu, nakimbilia kumwonyesha kifaru."

Nilicheka, lakini alikuwa hatanii. Na yote aliyosema nilikuwa nayaona. Walioweza walikuwa wameshaanza kuondoka, nyumba moja moja. Mwenye duka la pembejeo aliondoa wake. Mwenye mashine ya kusaga akaondoa wake. Hata mwalimu mkuu wetu, mama mmoja mpole anayefanya kazi kama punda, kitinda mimba wake hupanda basi la njano. Niliwahi kumuuliza. Hakukasirika. Akaniambia, "Mzee wangu, asubuhi mimi ni mama, kuanzia kengele ndipo nakuwa mwalimu." Nikamwona ni mkweli.

Lakini niliwaza jambo moja. Mjumbe wa wazazi kwenye kamati ni lazima awe na mtoto pale shuleni. Mwanangu akiondoa wote wawili, uenyekiti umekwisha, na pikapu itakuwa na kazi nyingine. Hakuna atakayemlaumu. Mtu hubeba kuni za jiko analokula mwanawe.

Hapo ndipo nikatoa wazo langu. Sisi Wairaqw, na wenzetu wafugaji wa bondeni, hatuweki ng'ombe wote zizi moja. Unampa rafiki wa mbali ng'ombe akutunzie. Maziwa anakunywa yeye, ndama ni wako, na mkielewana naye humwachia ndama mmoja siku za mbele. Ukija ugonjwa huku, kule umebakiwa na kitu. Ukame ukipiga kule, huku umebakiwa na kitu. Na jirani mwenye kijicho hawezi kujua utajiri wako. Mimi mwenyewe nina ng'ombe kwa rafiki yangu wa Baray, kule chini ukielekea ziwa Eyasi, tangu sote tukiwa na meno yote.

"Peleka mmoja," nikamwambia mwanangu. "Mmoja abaki. Midiamu ikishinda, tunaye mmoja huko. Shule yetu ikisimama, tunaye mmoja hapa, na wewe unabaki kwenye kamati."

Akazungusha funguo za gari kidoleni. Mkwe wangu alikuwa anapepeta mahindi mlangoni, akaacha.

"Sasa mnagawa wanangu kama mitamba?"

"Mama watoto, ni busara," mwanangu akasema.

"Busara ya zizini. Haya, bwana mifugo, unampeleka yupi?"

"Mkubwa. Huyo ana akili nyepesi. Mdogo bado analegalega, acha abaki hapa nyumbani tumwangalie."

Ndiyo kawaida pia. Mnyama anayepelekwa mbali ni yule mwenye nguvu, dhaifu anabaki karibu na macho ya mwenyewe. Hakuna aliyeliona neno hilo kuwa baya. Mdogo alikuwa ameketi jikoni kwenye kigoda, anamenya viazi, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

Basi mwezi wa kwanza mkubwa akavaa sweta la rangi ya damu ya mzee na soksi ndefu, akapanda basi. Walimrudisha nyuma darasa moja kwa sababu ya lugha, akalia wiki ya kwanza, halafu akazoea. Sitadanganya, yule mtoto alinyanyuka. Ilipofika mwezi wa tano alikuwa ananisomea karatasi ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, ananigeuzia kwa Kiswahili, na nikagundua miaka yote nilikuwa nachanganya dawa nyingi kuliko inavyotakiwa. Kupe wangu walikuwa wanakufa mara mbili. Kitu pekee kilichonikaa vibaya ni kwamba Kiiraqw chake kilianza kupungua. Nikimsemesha ananijibu kwa Kiswahili, na akiwa na haraka ananiita "grandpa" badala ya Aako, ambavyo ndivyo babu anavyoitwa kwetu. Mdogo wake akawa anamcheka, "Aako si mzungu wa lodji, muite vizuri!"

Huku kwetu mambo yalilegea polepole, kama kamba ya kitanda. Kwanza waliondoka wengine zaidi. Hao walioondoka ndio walikuwa wakileta debe la mahindi limejaa mpaka juu, na ndio wakisimama mkutanoni wanasikika. Waliobaki wengi ni watu wa kimya, wajane, vibarua wa mashamba ya ngano, watu waliosikia kwamba elimu ni bure wakadhani na makande ni bure. Mwanangu alikuwa bado mwenyekiti, lakini moyo wake ulikuwa umepanda basi. Akipata siku ya mapumziko alikwenda kwenye vikao vya midiamu, maana kule usipokwenda wanakupigia simu. Huku usipokwenda hakuna wa kukupigia. Kuni zikachelewa, halafu zikakosekana. Katikati ya mwaka jiko la shule likazimwa. Watoto wakawa wanarudi nyumbani mchana kula, na wengi hawakuwa wakirejea. Nami niko shambani nasikia kengele ya mchana, inaita, inaita.

Aliyekuwa akigonga kengele ni mjukuu wangu mdogo. Mwalimu mkuu alimpa kazi hiyo kwa sababu alikuwa akiwahi. Hatukumpongeza nyumbani. Nadhani hata hatukuuliza.

Jioni moja, jua lingali juu, nilikuwa namfunga dawa ng'ombe wangu mzee mwenye kwato mbovu. Mdogo amenishikia kichwa cha mnyama.

"Aako, huyu kwa nini hukumpeleka Baray?"

"Ataweza kufika huyu? Angalia mguu wake."

"Kwa hiyo anayebaki nyumbani ni mgonjwa."

"Ndiyo."

Akamkuna ng'ombe kati ya pembe. "Na mimi naumwa nini?"

Nilidhani ana homa. Nikamshika paji la uso kabisa, mzee mjinga mimi, nikamwambia mbona hana joto. Akaniangalia hivi, akasema, "Baba alisema dada ana nguvu, mimi nibaki mniangalie. Na shuleni wote wanajua. Sisi tunaitwa mabaki. Wa kwenye basi wakipita wanatupungia mkono, wanasema, mabaki hao. Hata mwalimu wa hesabu, tukikosa, anasema, ndiyo maana mmebaki."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alisema kama mtu anayetaja rangi ya ng'ombe. Nilimaliza kufunga kile kitambaa, nikakifungua, nikakifunga upya.

Nilimweleza mama yake. Akaniambia, "Si mlisema ni busara?" akanimiminia chai. Chai ya siku hiyo niliinywa taratibu sana. Mwanangu aliporudi kutoka safari, mkewe akamweleza. Yeye akaona dawa ni moja. Mwakani mdogo naye apande basi, mambo yaishe, na uenyekiti auachie kwenye mkutano wa wazazi wa kufunga mwaka. Hata sare walianza kuizungumzia. Mdogo mwenyewe hakuulizwa. Alisikia, akaendelea kumenya viazi.

Katika siku hizo akaja rafiki yangu wa Baray. Alipanda na lori la vitunguu, amekaa juu ya magunia na mtamba wa rangi ya majivu amefungwa pembeni, uzao wa yule ng'ombe wangu. Ni mtu mrefu, mkavu, amejifunga shuka mbili, na hawezi kuzungumza bila fimbo mkononi. Nilimweleza habari yote, tumekaa kwenye uzio wa zizi, mdogo yuko pale anamchotea mtamba maji.

"Nyinyi wa huku juu mna mateso ya kuchagua," akasema. "Kwetu shule ni moja. Mtoto akiondoka asubuhi ameshachagua, asipoondoka naye ameshachagua."

Nikamkumbusha Olbalbal, kule tulikopita na ng'ombe tukiwa vijana, kiangazi kimekausha mpaka mate. Kule niliona watu wakifuata maji, na mtoto wa shule anaachwa na bibi yake karibu na darasa ili asipoteze mwaka, mama anakwenda na ndama. Nilimwona mwanamke mmoja anageuka nyuma mara nyingi mpaka ng'ombe wakampita. Hakuna aliyemwambia yule mtoto kuwa ni mabaki. Aliachwa kwa sababu ana kazi pale.

Rafiki yangu akapiga fimbo chini. "Sasa mzee mwenzangu, ulipokuwa unawagawa, ulisema anayebaki ni dhaifu?"

"Mwanangu alisema. Sikumkatalia."

"Umezeeka vibaya! Hivi sasa unakamua nani?"

"Yule mweusi."

"Ulimleta kwangu?"

"Nimlete, watoto wanywe nini?"

"Ehee!" Akamgeukia mjukuu wangu. "Binti, umemsikia? Tunampeleka mbali yule ambaye nyumba inaweza kulala bila yeye. Wa maziwa habanduki. Wenye kwato mbovu wanabaki, ndiyo, lakini na wenye maziwa wanabaki. Babu yako kakuhesabu upande usio wako."

Mtoto akasimama na ndoo. "Kwa hiyo mimi mnanikamua?"

Rafiki yangu alicheka mpaka shuka likamwanguka begani. "Kila siku! Nani aligonga kile chuma nikiwa njiani? Lori zima lilisikia, dereva akasema, tumechelewa, watoto wameshaingia."

"Ni mimi," akasema, na nikaona shingo yake imesimama.

Sasa sitaki kusema neno la mtu mmoja linaponya. Halikuponya. Kesho yake alirudi shuleni akaitwa mabaki kama kawaida. Ila alianza kujibu. Mkwe wangu alimsikia akiwaambia wa kwenye basi, "Nyinyi mna honi tu, mimi nina ringi!" Na jioni moja alimwendea baba yake, aliyekuwa chini ya pikapu anamwaga oili, akamwambia hataki sare. Baba yake akasema tutaona. Neno hilo kwa watu wazima maana yake ni hapana, na mtoto anajua.

Mkutano wa wazazi ulifanyika uwanjani, chini ya ukuta wangu uliopinda, maana ndio wenye kivuli mchana. Pale kuna desturi yetu, sijui kama shule nyingine wanayo. Mtu akitaka kusema anasimama kwanza anataja darasa la mtoto wake. Usipotaja, unakaa chini. Tuliiweka zamani ili kuzuia wanasiasa. Mimi kwa hiyo huwa nakaa nyuma nasikiliza tu, wajukuu hawahesabiwi.

Mwanangu alikuwa mbele, shati limenyooshwa. Nilijua amekuja kuaga. Mwalimu mkuu akaeleza habari ya jiko lililozimwa, kwa sauti yake ndogo, watu wakatazama miguu yao. Halafu mwanangu akasimama.

"Mimi nina mtoto darasa la tatu," akaanza.

Mwanamke mmoja, kibarua wa ngano, anayekaa kimya miaka yote, akasema kutoka nyuma huku ananyonyesha, "Na mwakani?"

Watu wakacheka. Mwanangu naye akacheka kidogo. "Mama, ngoja nimalize."

"Nakuuliza, mwenyekiti. Wa darasa la tatu tunamjua, ndiye anatugongea kengele. Mwakani ana darasa la ngapi, na wapi? Maana nyinyi mkiondoka mnatuachia salamu. Wangu hawana pa kwenda. Jiko wamezimiwa wao."

Hakusema kwa hasira. Mtoto alikuwa anamvuta titi na yeye anapanga kanga. Mwanangu akageuza kichwa. Binti yake mdogo alikuwa kule kwenye mgrevilea, ameshika nondo, anasubiri aambiwe agonge mkutano utakapokwisha. Anamtazama baba yake, hapepesi. Nilitamani kusimama niseme kitu. Lakini mimi sina darasa.

"Mwakani ana la nne," mwanangu akasema.

"Wapi?"

Namjua mwanangu, akifikiri huzungusha funguo. Akazungusha.

"Hapa," akasema. "Ana la nne hapa. Na kuni nitaleta Jumamosi, ila sitaki kuzipakia peke yangu. Nani anakuja?"

Mikono haikunyooka mingi. Ilinyooka michache, wa kwanza ukiwa wa yule kibarua, na mkono mwingine bado umeshika mtoto.

Nisiwapambie. Mwezi wa kwanza nyumba mbili nyingine ziliondoa watoto. Darasa bado limebanana, na yule mwalimu wa hesabu bado ana mdomo mchafu, ingawa mwanangu alikwenda kukaa naye. Mkubwa wangu anaendelea kupanda basi, na kila jioni anamfundisha mdogo wake Kiingereza jikoni, kwa ukali kuliko mwalimu yeyote. Mdogo anamlipa kwa Kiiraqw. Mkwe wangu bado hajaridhika. Anasema mambo ya sekondari yatakuja kutuumbua, na anaweza kuwa sahihi. Jiko linawaka siku nyingine, siku nyingine halina moshi.

Siku ya kufungua shule nilikuwa shambani tangu alfajiri, nalima kusubiri mvua. Basi la njano likapita, mbwa akabweka. Nikamwona mdogo akivuka korongo na sare yake ile ile, sketi imeshushwa pindo. Nikaendelea na jembe. Jua likapanda, na kengele kimya. Nikasimama. Niliwaza labda amenyang'anywa ile kazi, labda wamempa mwingine.

"Baba, chai inapoa," mkwe wangu akaniita kutoka mlangoni.

"Kengele bado."

"Chai inasubiri kengele?"

Nilisimama pale na jembe langu, nikatazama ng'ambo ya korongo. Halafu ikalia, kwa pigo lile lake la haraka haraka, na mimi nikaweka jembe begani.

"Inapoa kweli?" nikamuuliza.

"Njoo uone mwenyewe," akasema.